Mwisho Aliounong'ona Verna

Kitabu kimetoka kwenye boksi sasa hivi, kinanukia wino, hakijaazimwa na mtu. Sasa nani kakichora? Ukurasa wa kumi na tisa, pembeni, palikuwa na kijiduara cha penseli chenye mkia.

Marlys, mkutubi wa mji ule mdogo wa Minnesota, alikijua. Wazee wa pale kila mmoja ana alama yake, huitia kitabuni asije akaazima tena riwaya aliyokwisha kuisoma. Hii ilikuwa ya Verna. Na Verna walimzika mwezi uliopita.

Akaifuta. Akafungua riwaya nyingine mpya, ya mauaji, imo. Akafungua ya ndugu wanaogombea shamba. Imo pia, na boksi likaanza kunuka sweta la sufu lililoloa.

Akamkumbuka mama yake, Ardis. Yeye na Verna walikuwa mashoga wa siku nyingi, na washindani wabaya: riwaya mpya ikitangazwa tu, wanakimbilia foleni ya kuiazima. Mara ya mwisho Ardis alikuwa wa kwanza, Verna wa pili. Ardis akakaa nacho kitabu, roho mbaya tu, hadi mwenzake akafa hajui muuaji ni nani. Upuuzi mtupu! Na kitabu alikuwa nacho mpaka leo.

Marlys alimkuta jikoni, mchana kweupe, theluji imejaa dirishani.

"Mama, kitabu cha Verna kiko wapi? Nipe nikirudishe, atuache."

"Sijamaliza."

"Umekimaliza zamani! Usinifanye mtoto."

"Punguza sauti," Ardis alinong'ona. "Yumo humu ndani. Tangu asubuhi."

Marlys alitaka kumkaripia, lakini ile harufu ya sufu ilikuwa imemtangulia, na sebuleni, ambako hapakuwa na mtu, kurasa zilikuwa zinafunuliwa, moja, nyingine, nyingine, na kabla ya kila ukurasa ulisikika ulimi ukilamba kidole, na kikohozi kile kile cha Verna, kikavu, kikija polepole ukumbini, kikikaribia mlango wa jikoni.

Ardis uzalendo ukamshinda. "Niache, shoga! Unataka kujua? Haya! Ni mkwe! Mkwe ndiye aliyemuua!"

"Mama! Umefanya nini?"

Maana mji ule mtu anaweza kukuchukulia mume, na Jumapili mkasalimiana kanisani. Lakini akikwambia mwisho wa riwaya ambayo hujaisoma, hamzikani.

Kurasa zikanyamaza. Kiti kilicho karibu na Ardis kikajivuta chenyewe, na mtu akacheka, kicheko cha chuki.

"Asante, shoga. Ngoja na mimi nikwambie mwisho wako."

Sauti ikamnong'oneza Ardis sikioni. Marlys hakuambulia neno. Aliona tu uso wa mama yake ukiisha damu, na macho yakigeuka taratibu, yakimtazama yeye.

"Kiweke chini, mwanangu."

"Nini?"

"Hicho kisu."

Marlys akaangalia mkono wake. Alikuwa ameshika kisu cha mkate, na hakukumbuka kukichukua.

"Mama, usimsikilize! Ni mimi, nimekuja kukusaidia!"

Ardis akarudi nyuma hadi ukutani, analia. Marlys naye analia, akapiga hatua moja mbele. Hakutaka kuipiga. Akapiga ya pili.