Pakiti Tupu ya Neema Nne

Jumamosi, nikishatoa samadi zizini, kazi yangu ni kukagua mbegu zetu kama zimeingiwa na wadudu. Siku hiyo mama alikuwa amekwenda mnadani Dongobesh. Akaja Mama Tekla, jirani yetu hapa Maretadu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Marieta. Mahindi yenu ya mwaka huu yalinitia wivu. Mna mbegu ile? Nina tetea, tubadilishane.”

Tamaa ikanishika. Mbegu yenyewe ya dukani, Neema Nne, ilibaki pakiti tupu. Lakini tulikuwa na mahindi tuliyovuna kutokana nayo. Nikajaza kopo, nikatumbukiza na ile pakiti ili jina lionekane.

“Hii ni Neema Nne ya dukani?”

“Ndiyo, mama,” nikajibu bila aibu, nikapokea tetea.

Jumatatu Mwalimu Baltazar akatufundisha mbegu chotara. “Neema Nne ni jina la watoto wa wazazi wawili maalumu,” alisema. “Ukiitaka tena, lazima wazazi walewale wakutanishwe tena. Mahindi uliyovuna wewe ni wajukuu. Ukiyapanda, mmea mmoja utarefuka, mwingine utadumaa, na mavuno yatapungua. Jina lile si lao. Maharage mengi hujichavusha yenyewe, kwa hiyo aina yake hubaki na jina lake kila msimu.”

Nikalikumbuka kopo lile. Mvua ilikuwa imeanza, na Mama Tekla ana kishamba kimoja tu cha kulisha watoto wanne.

Baada ya masomo nilipitia nyumbani, nikambeba tetea, nikakimbilia shambani kwake. Alikuwa ameshafukia mstari mmoja.

“Mama, nilikudanganya. Mbegu ile tulivuna wenyewe. Haitazaa kama ya dukani. Tetea wako huyu hapa. Naomba unisamehe.”

Aliketi ukingoni mwa shamba. Niliogopa kuliko siku ya mtihani. Kisha akainuka, akanipa jembe, na tukafukua mstari ule pamoja, punje kwa punje.

“Kesho nitanunua mbegu dukani,” alisema. “Leo nitapanda maharage upande wa chini. Ulifanya vibaya, sikufichi. Lakini ungeninyamazia, ningegundua mahindi yakiwa yamekomaa, na wanangu wangelala njaa. Jina unaloipa mbegu, mwenzako analipanda akiliamini. Ukikosea, sema mapema. Asante kwa kuniambia, mwanangu.”

Mimi ndiye niliyestahili kushukuru. Nilimshika mikono yote miwili yenye udongo, nikamwambia hivyo.