Uso wa Nyanchoka

Kila jioni baada ya shule, Bonareri alipitia studio ya babake sokoni Nyakoe. Alivua sweta, akafagia vipande vya karatasi, kisha akaketi kwenye kompyuta kungoja wateja na habari. Wateja walikuja mmoja mmoja. Habari zilikuja kwa makundi. Nani ameposwa, nani amehamishwa nyumba, nani ameonekana na nani kule Marani: yote yaliingia studioni kabla ya kufika kanisani, kwa sababu mtu anayengoja picha ya pasipoti hana la kufanya ila kusema.

Jioni ile habari ilikuwa moja, na walioileta hawakuketi. Nyanchoka, mke wa Abner, mchuma chai wa upande wa Nyamira, alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa mapafu.

"Nyanchoka yupi? Yule mwenye kovu?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Huyohuyo wa kujifunika leso. Na amemwacha binti yake Kerubo hata shule hajaanza. Ee Nyasae, Mungu wetu!"

Nyanchoka aliungua na mafuta ya mandazi shavu lote la kushoto alipokuwa ameolewa karibuni. Tangu siku hiyo kamera ikitokea, leso ilipanda mpaka machoni. Kwenye harusi alisimama nyuma ya wenzake. Mwezi uliopita tu ndipo alipoingia studio, akaketi kwenye stuli na kuteremsha leso kwa mkono wake mwenyewe. "Omwenga, nipige mimi, si leso yangu," alimwambia babake Bonareri. "Kerubo anataka picha ya mama." Omwenga alimpiga picha moja tu, mwenyewe akaridhika nayo. Nyanchoka alisema angerudi kuichukua mvua ikipungua. Hakurudi.

Siku iliyotangulia mazishi, Abner alipiga simu. Alihitaji picha kubwa ya fremu, ile inayotangulia mbele ya jeneza. Kitambulisho cha marehemu kilikuwa na sura ya msichana aliyetoka shule, kabla ya mafuta. Kerubo hakuijua sura ile.

"Bona, itoe ile ya Nyanchoka," Omwenga alisema akivaa koti. "Mimi nakimbilia kioo cha fremu kabla fundi hajafunga. Usiiguse, itoe tu ilivyo."

"Sawa, Tata," Bonareri alimjibu babake.

Bonareri aliifungua picha, akaitazama, huruma ikamshika. Alijua midomo ya watu wa matangani. Wangesimama mbele ya jeneza wakinong'ona juu ya kovu, hata siku ile. Shuleni yeye ndiye aliyewang'arisha wenzake sura pichani kwa simu, hata wakamwita daktari. Basi akaihamishia picha kwenye simu yake. Akalifuta kovu. Akalinyoosha jicho lililovutwa na kovu. Akaing'arisha ngozi mpaka ikawaka. Alipoirudisha, kompyuta ilimuuliza kama picha mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Alibonyeza ndiyo. Kwenye simu ilibaki hiyo mpya tu, na kwenye kamera ile ya zamani haikuwepo. Omwenga alikuwa amekwisha kufuta kadi ya kamera ili apige harusi nyingine.

Babake aliporudi, picha ilikuwa imekwisha kutoka. Bonareri akapokea kioo, akaitia picha kwenye fremu mwenyewe na kuifunga kwa gazeti, babake akipanga vifaa vya kesho.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Tata."

Kesho yake boma la Abner lilijaa watu hadi kwenye shamba la chai. Kulikuwa na kwaya, masufuria, wajomba wakibishana kaburi lielekee wapi, na wafanyabiashara wa Nyakoe waliokuja kwa lori moja. Omwenga alitandaza vifaa vyake: kamera, stendi, na printa ndogo ya kuwatolea waombolezaji picha papo hapo. Desturi ni kwamba kila kundi huitwa kupigwa picha kando ya jeneza, na Duncan, mwongoza shughuli, alikuwa tayari na kipaza sauti. "Wake wa boma hili, jipangeni! Mama, hiyo kofia itatuficha watu watatu! Haraka, mchungaji anaangalia saa!"

Hapo Abner akalifungua gazeti lililofunika fremu.

Aliitazama fremu. Akaigeuza nyuma, akairudisha. "Huyu ni nani?"

Watu wakasogea. "Picha zimebadilishana," mmoja alisema. "Wametuletea bibi arusi wa watu." Mamake Abner, ambaye watoto wote walimwita magokoro, yaani nyanya, akaishika fremu kwa mikono miwili. "Mke wa mwanangu hakuwa na uso wa sahani," alisema.

Mtu fulani akamwinua Kerubo. "Muone mama, muone." Mtoto aliangalia kwa makini. Akachungulia nyuma ya fremu. Kisha akauliza, "Mama yangu yuko wapi?"

Abner akaketi chini, kwenye nyasi, na suti yake.

Omwenga alimgeukia bintiye. "Bona, hii ndiyo uliyotoa?"

Macho yote yalikuwa kwake. "Sijui, Tata. Labda ni kompyuta."

Omwenga alimtazama, naye Bonareri akainamisha kichwa. Kisha Omwenga akawageukia waombolezaji. "Studio ni yangu, kosa ni langu. Mnisamehe."

"Mpiga picha gani wewe?" mjomba mmoja alifoka. "Unacheza na maiti yetu? Ondoka na hizo takataka zako!" Kijana akaushika mkanda wa kamera na kuuvuta. Omwenga hakujitetea. Alisimama tu, shati limepinda begani, mbele ya watu aliowapigia picha za harusi zao na za ubatizo wa watoto wao.

"Si Tata!" Bonareri alipiga kelele. "Ni mimi! Nilifuta kovu. Aliniambia nisiguse, nikagusa."

Kijana akauachilia mkanda. Abner akainua uso. "Ile yenyewe iko wapi?"

"Haipo. Niliweka hii mahali pake." Alikuwa akilia sasa. "Nilitaka awe mrembo."

"Alikuwa mrembo," Abner alisema polepole. "Huyu mtoto halali bila kushika shavu lile. Akikua aniulize mamake alifananaje, nitamwonyesha nini?"



Bonareri alifuta kamasi kwa mkono wa sweta, akamwendea Duncan na kuomba kipaza sauti. "Tafadhali, kila mtu afungue simu. Kama Nyanchoka yuko kwa picha yoyote, hata nyuma, hata nusu, tunaomba."

Watu walitazamana. Halafu simu zikaanza kutoka mifukoni, kwenye mikoba, vifuani mwa akina mama. Hema zima likainamisha vichwa.

"Huyu hapa!"

"Huyo ni mimi, wewe!"

"Huu ni mgongo wake, na kikapu cha chai."

"Hii ni leso tu."

Walipata mkono, walipata sketi, walipata leso nyingi. Uso hawakupata. Mchungaji alikuwa ameshaanza kufungua Biblia wakati Mariam, muuza mablanketi wa Nyakoe, alipopenya katikati ya watu. "Mimi sikuwa nampiga mtu," alisema, kama anayeomba radhi. "Nilikuwa natangaza mali."

Pichani kijana wake alikuwa ameinua blanketi jekundu. Nyuma yake, ukubwa wa ukucha, alisimama Nyanchoka. Leso ilikuwa imeteremka begani kwa joto. Kichwa alikirudisha nyuma, mdomo wazi, anacheka, kovu lote juani.

Omwenga aliipokea kwenye simu yake, akaikuza, ikaanza kufifia. "Nilikate blanketi?" alimuuliza Abner.

"Usikate kitu."

Printa ililia, ikatoa picha ya kiganja. Abner aliibandika juu ya kioo, akaufunika ule uso mwingine. Kerubo akaikaribia mpaka pua ikagusa.

"Mama anacheka nini?"

Abner akamtazama Mariam. Mariam alifikiri, akatikisa kichwa. "Sikumbuki, mtoto wangu. Wallahi, siku ile sikuangalia."

Walipokuwa wakipanga upya foleni ya picha, Omwenga alimwita bintiye pembeni ya stendi.

"Nisamehe, Tata."

"Nimekusamehe. Lakini ile niliyompiga, alikuwa ananitazama. Ilimchukua miaka kuteremsha leso ile. Hiyo hatutaipata tena, si mimi, si wewe, si Kerubo." Alisafisha lenzi ambayo haikuwa chafu. "Mpiga picha haulizwi kama mtu amependeza. Anaulizwa kama ni yeye. Ukimbadilisha, hata kwa huruma, umewanyima watu wake. Na ukikosea, sema pale pale. Ungeniambia jana jioni, tungezunguka usiku kucha kutafuta. Uliposema uongo mbele ya jeneza, wale watu walikuwa karibu kunipiga, na wangekuwa na haki."

Bonareri aliitikia kwa kichwa.

"Umesema ukweli ukiwa umechelewa, lakini umesema," Omwenga alisema. "Shika stendi, uishike vizuri. Abner na mtoto wamesimama pale wanatungoja."