Sauti za Mama na Onyo la Kila Siku

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Aili Kangas alirudi kutoka shule, akavua viatu vya theluji mlangoni, akapasha kiporo cha viazi na nyama, kisha akaketi peke yake mbele ya kompyuta. Baba yake, Reino, alikuwa bado mgodini. Mama yake alikuwa mpishi katika meli iliyobeba chuma cha mgodi huohuo kuvuka Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, na tangu Machi alikuwa hajalala nyumbani hata siku kumi. Nyumba ilikuwa kimya mno. Aili aliichukia sauti ya jokofu.

Chini ya ngazi palikuwa na kisanduku cha kuhifadhia mafaili ya familia, kilichounganishwa na kompyuta kwa mtandao wa nyumbani. Meli ilipokaribia nchi kavu, mama alituma humo sauti alizorekodi: mabaharia wanaolalamikia supu, mawimbi yaliyomwaga supu yenyewe. Aili alizisikiliza huku akila, na kwa dakika chache hakuwa mpweke.

Kero ilikuwa moja. Kila alipofungua faili kutoka kisandukuni, onyo lilijitokeza: faili hili linatoka kwenye kompyuta nyingine na linaweza kuleta madhara. Una hakika unataka kulifungua? Siku ya kwanza aliogopa, akamwita baba.

"We bonyeza Fungua tu," baba alisema huku akipaka mkate siagi. "Hiyo mashine ina mdomo, haina lolote."

Basi Aili akabonyeza, siku hiyo na siku zote zilizofuata, mpaka kidole kikafanya kazi bila kumwuliza mwenyewe.

Jumatano moja ya Novemba, Brody, mwanafunzi mwenzake ambaye hakuwa na mazoea naye, alimgeukia wakati wa chakula cha mchana. "Kuna mchezo mpya, unapatikana bure. Ukiupata, jioni tucheze wote." Aili aliona siku imegeuka sikukuu. Alipofika nyumbani aliupakua na kuuweka kisandukuni, jirani na sauti mpya ya mama iliyofika jana, ambayo hakuwa ameisikiliza. Alipoufungua, onyo likatokea. Safari hii lilisema kwamba hiyo ni programu na kwamba aliyeitengeneza hajulikani. Kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

Hakuna mchezo uliofunguka. Badala yake majina ya mafaili yakaanza kugeuka herufi zisizosomeka, moja baada ya jingine. Alijaribu sauti ambayo mama alituma mwezi wa Aprili, ikakataa. Akakimbilia chini ya ngazi na kuchomoa nyaya za kisanduku. Alikaa sakafuni akilia, maana alijiona kama amemfukuza mama nyumbani kwa mkono wake.

Alifikiria kusema umeme ulikatika. Theluji ilikuwa ikianguka, baba angeamini.

"Mbona umekaa gizani kama mwizi?" baba aliuliza alipoingia.

Aili akaeleza yote, na kile kitufe cha Fungua pia.

Baba alizima kompyuta na kukaa naye sakafuni. "Umefanya la maana kuchomoa. Na kusema. Kila Jumapili huwa nanakili kila kitu kwenye diski ya kabatini, kwa hiyo za nyuma zitarudi. Ya jana ndiyo imekwenda." Akamfuta machozi. "Kosa la kwanza ni langu, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kutosoma."

Wakampigia mama, na kwa bahati simu yake ilipatikana.

"Kumbe hukuisikia?" mama alisema. "Nilikwambia Jumamosi saa nne asubuhi tunaingia bandari ya Duluth. Mje msimame kando ya mfereji wa kuingilia meli, nitatoka nje na aproni yangu. We Aili, ungenyamaza, ningewapungia mkono watu nisiowajua."

Ijumaa jioni baba aliisafisha kompyuta kuondoa kirusi, akarudisha mafaili, kisha akaandika anwani ya kisanduku katika orodha ya mahali panapoaminika. Aili akafungua sauti ya Aprili. Mama akaanza kuongea papo hapo, bila onyo lolote.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivyo?" Aili aliuliza.

"Dakika tano. Nilizionea uvivu," baba alisema. "Onyo la kila siku hakuna anayelisoma, ndiyo maana la kweli lilipokuja likatupita. Kuanzia leo ukiliona, toa mkono, soma, niite. Na kitu cha kupakua hakiingii kisandukuni mpaka nimekiona."

Jumamosi upepo wa ziwani uliwakata masikio. Meli ilipiga honi na kupita karibu sana, na mwanamke mwenye aproni akatoka mlangoni akitafuta kwa macho miongoni mwa watu.

"Aili!" aliita.

Aili alikimbia sambamba na meli mpaka mfereji ukaisha.