Kitunguu Chini ya Hadubini

Saa kumi na mbili za asubuhi humkuta Nyaruai ameshainamia beseni la vitunguu. Mama yake, Gladwell, ana kibanda cha chakula pale Matisi, mjini Kitale, na wateja wa chapati na maharagwe hawana subira. Nyaruai humenya, hukata, hupangusa machozi kwa kiwiko, kisha hunawa mikono mara tatu kabla ya kuvaa sare. Na bado hufika shuleni akinukia kitunguu. Wenzake hawamtanii sana, kwa maana katika Gredi ya Nane yeye ndiye nambari wani, na siku ya hesabu ngumu kila mtu humkimbilia.

Kuwa nambari wani ni raha, sikatai. Lakini mtoto akizoea sifa, huanza kuona aibu kusema "sijui". Hapo ndipo Nyaruai alipojikwaa.

Jumatatu moja Mwalimu Nabwile, mwalimu wa sayansi, aliingia darasani amekumbatia hadubini kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya kuazima kutoka shule ya upili ya jirani, na ilipaswa kurudishwa kabla ya saa nane. Darasani mlikuwa na wanafunzi sitini na mmoja.

"Leo mtaona seli kwa macho yenu," alisema. "Kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa seli. Wewe, ng'ombe, mgomba, hata ukungu wa kwenye mkate. Ni ndogo mno, ndiyo maana tunahitaji chombo hiki."

Alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, akaitandaza juu ya kioo, akaidondoshea maji na kuifunika kwa kioo kingine chembamba. Foleni ikaanza. Kila mmoja alipata kama nusu dakika, tena akisukumwa mgongoni.

Zamu ya Nyaruai ilipofika, aliona mwanga mweupe na vitu vyeusi kama nyasi. Akapepesa jicho, nyasi nazo zikapepesa. Zilikuwa kope zake mwenyewe.

"Umeona?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeona, Mwalimu," alijibu upesi, akampisha mwenzake.

Kisha wakaambiwa wachore walichokiona. Kizito, aliyekaa naye dawati moja, alichora duara moja lenye ukingo mweusi tititi. Waliokuwa nyuma wakachungulia. "Kizito amechora tairi!" Darasa zima likaangua kicheko. Nyaruai hakucheka. Alikuwa amefungua kitabu chini ya dawati, ananakili: vyumba vilivyopangana kama matofali, kila kimoja na kiini chake cha mviringo, na vidoa vya kijani alivyovitia rangi kwa uangalifu mkubwa.

Mwalimu Nabwile aliupenda mchoro ule papo hapo. Akaubandika ukutani na kutangaza kwamba baada ya wiki tatu shule ingepeleka wanafunzi wawili kwenye mashindano ya sayansi mjini Bungoma. Shule itakayoshinda ingepewa hadubini mpya, iwe yake moja kwa moja.

"Nyaruai amekwisha pata nafasi," alisema. "Wa pili nitamtafuta."

Makofi yalipigwa. Nyaruai akatabasamu, lakini moyoni hakuwa na furaha hata chembe.

Siku ya Alhamisi, wakati wa mapumziko, Kizito alimfuata nyuma ya matangi ya maji.

"Sasa Nyaruai. Si uniambie, vile vyumba uliviona mara moja, ama ulikaza macho?"

"Niliviona tu," alijibu huku akitazama viatu vyake.

"Basi ni macho yangu mabovu, bana. Mimi niliona duara tu. Nimemwambia mama, na Jumamosi ananipeleka hospitali nikapimwe. Hata ubaoni siku hizi siinui mkono. Labda nasoma vitu ambavyo havipo."

Alisema kwa upole, bila kumlaumu mtu, na hiyo ndiyo iliyomuuma Nyaruai zaidi. Angalau angemtukana! Jioni ile, kibandani, alikaa na kisu mkononi hata mama yake akashangaa.

"Kitunguu kimoja kwa robo saa? Kuna nini?"

Nyaruai alijaribu kunyamaza, akashindwa. Akamwaga yote: kope, kitabu, mchoro, Kizito. Mama Gladwell alizima jiko ndipo akajibu, na mama huyo hazimi jiko wateja wakiwapo.

"Yaani mtoto wa watu anakwenda kupimwa macho mazima kwa sababu wewe uliona haya? Kesho, kabla ya kengele, uende kwa mwalimu. Na huyo kijana uende naye."

Ijumaa asubuhi wawili hao walisimama mbele ya meza ya Mwalimu Nabwile. Nyaruai alijua fika kwamba akifungua mdomo, safari ya Bungoma imekwisha.

"Mwalimu, sikuona kitu," alisema. "Niliona kope zangu. Ule mchoro niliunakili kitabuni."

"Ati nini?" Kizito aliruka.

Mwalimu akaenda darasani, akaubandua mchoro ukutani na kurudi nao.

"Hivi vidoa vya kijani," alisema taratibu, "ndivyo vinavyotengeneza chakula cha mmea kwa kutumia mwanga wa jua. Viko kwenye majani. Hii ngozi imetoka ndani ya kitunguu, ambako jua halifiki, kwa hiyo haina vidoa hivyo. Na mimi nilivutiwa na unadhifu, nikapita bila kuangalia. Hapo nimekosa." Akamgeukia Kizito. "Wewe ulichora kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya kioo. Macho yako ni mazima. Uliona vizuri kabisa kitu ambacho hakikuwa seli."

Kizito alishusha pumzi ndefu. "Bana, Nyaruai, nilikuwa nimeanza kufikiria miwani."

"Nisamehe," Nyaruai alisema, na machozi yalimtoka pasipo kitunguu chochote.

"Nafasi yako nimeiondoa," Mwalimu aliendelea. "Sasa zote mbili zitagombaniwa, na safari hii kwa hadubini, si kwa kalamu za rangi. Anayetaka aje Jumatatu baada ya masomo."

Walikuja wanafunzi kumi na wawili. Kila jioni walitembea hadi maabara ya shule ile ya upili, na kufikia wiki ya pili walikuwa wamebaki wanne. Nyaruai alivunja vioo viwili. Alinasa viputo vya hewa hadi akavichukia. Lakini jioni moja alizungusha skrubu ya hadubini polepole, kidogo tu, na ghafla ukungu ukaondoka. Vyumba vya zambarau vilijipanga mbele ya jicho lake, kimoja baada ya kingine, vingi ajabu, na kumbe vilikuwepo siku zote katika beseni la mama yake!

"Mwalimu, nimeona," alisema. "Nimeona kweli."

Mwalimu Nabwile aliwafundisha kazi ya kila sehemu. Ukuta wa nje ni mgumu, huipa seli umbo. Ndani yake kuna utando laini, ambao huchagua kipi kiingie na kipi kitoke. Kiini huongoza kazi zote za seli. Na katikati ya seli ya mmea kuna kifuko kikubwa cha maji, ambacho kikijaa, mmea husimama imara, na kikipungukiwa, mmea hunyauka. Katika kitunguu chekundu ile rangi ya zambarau imo ndani ya kifuko hicho. Mwisho wa wiki ya pili aliwapima wote wanne, akachagua Kizito na Nyaruai.

Siku ya mashindano waliondoka Kitale kwa gari la shule, wakapita Kiminini na kuteremka hadi Lugulu, alikozaliwa Mwalimu Nabwile, ambaye aliwaonyesha barabara ya kwao kana kwamba ni ya ikulu. Ukumbi wa Bungoma walioukuta ulikuwa na meza kumi. Kila meza ilikuwa na shule moja, hadubini moja, na kioo kilichokwisha tayarishwa na waamuzi. Mwamuzi mkuu alikuwa Mzee Walubengo, aliyefanya kazi ya maabara hospitalini miaka thelathini kabla ya kustaafu.

"Hiyo ni ngozi ya kitunguu," alitangaza. "Mna dakika ishirini. Mtazame, mchore, muandike majina ya sehemu. Nitapita kuwauliza."

Nyaruai alimpisha Kizito atazame kwanza. Kizito alizungusha skrubu, akakunja uso.

"Hii imeharibika," alinong'ona. "Zambarau imekunjamana katikati. Imeachana na ukuta."

Nyaruai akatazama. Kweli. Kuta zilisimama kama kawaida, lakini ndani ya kila chumba kulikuwa na kidonge kilichonywea, na pembeni pakawa patupu. Hakuwahi kuona kitu kama hicho, wala kitabuni. Akatupa jicho meza ya jirani. Wenzao walikuwa wanachora vyumba vizuri vilivyojaa, mbiombio.

"Tuchore zile tulizozoea," Kizito alisema. "Wametupa kioo kibovu. Tukichora hivi tutaonekana hatujui."

Nyaruai akaitazama karatasi tupu. Zawadi ya hadubini kwa watoto sitini na mmoja ilikuwa mikononi mwake, na mchoro unaopendeza alikuwa anaujua kwa moyo. Angeweza kuuchora huku amefumba macho.

"Kizito, umeona nini?"

"Nimekwambia. Zambarau imekunjamana."

"Na mimi nimeona hivyo hivyo. Basi tunachora hivyo."

Wakachora. Mchoro haukuwa wa kupendeza hata kidogo. Mzee Walubengo alipofika mezani kwao, aliuinua karibu na miwani yake.

"Seli zenu mbona zimekonda?"

"Ndivyo tulivyoziona, Mzee," Nyaruai alijibu.

"Meza nyingine zote zimechora zilizojaa. Wote hao wamekosea, ninyi wawili tu mmepatia?"

"Hatujui wengine wameona nini. Sisi tumeona hizi."

"Haya. Kwa nini ziwe hivyo?"

Kizito alimtazama Nyaruai, Nyaruai akatazama meza. Nusu ya ukumbi ilikuwa imegeuka kuwasikiliza.

"Sina hakika," Nyaruai alianza polepole. "Lakini mama yangu hutengeneza kachumbari. Akishakata vitunguu huvifikicha kwa chumvi ili vipunguze ukali. Baada ya dakika chache bakuli huwa na maji chini, na hakuna mtu aliyetia maji. Vitunguu navyo vinalegea." Akainua kichwa. "Maji yale yanatoka ndani ya seli. Nadhani kwenye kioo hiki mmedondoshea maji ya chumvi. Chumvi imevuta maji kutoka kwenye kile kifuko, utando ukajikunja pamoja na vilivyomo, lakini ukuta ni mgumu, umebaki pale pale."

"Unadhani," Mzee Walubengo alirudia. "Unaweza kunionyesha?"

"Tukipata maji safi na karatasi ya kunyonya, naweza kujaribu."

Maji yaliletwa. Kizito alidondosha tone ukingoni mwa kioo, mkono wake ukiwa imara kama wa daktari, na Nyaruai akaweka karatasi upande wa pili ili inyonye maji ya chumvi na kuvuta yale safi yapite chini. Wakarudia mara tatu. Wakangoja. Mzee Walubengo mwenyewe aliinama na kuweka jicho. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili pia.

"Zinajaa," alisema mwishowe. "Njooni mwone. Zinajaa!"

Watu walizunguka meza ile. Mmoja baada ya mwingine waliona zambarau ikitanuka, ikigusa kuta, ikijaza vyumba vyake pembe zote. Seli zilikuwa hai wakati wote, zilikuwa zimenyang'anywa maji tu. Mwalimu Nabwile alikuwa wa mwisho kutazama, na alipoinua uso alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, hajali nani anamwona.

Matokeo yalipotangazwa, Mzee Walubengo alisema kwamba meza zote kumi zilipewa kioo cha namna moja, na tisa zilichora picha ya kitabuni. "Hospitalini nimepima damu za watu wengi," alisema. "Ningekuwa naandika ninachotarajia kukiona, wangapi wangepewa dawa isiyo yao? Hadubini hii inakwenda Kitale."

Kizito aliibeba mapajani njia nzima na alikataa kupokewa. Nyaruai aliimba hadi sauti ikakauka, na kule Matisi Mama Gladwell alipopata habari alimlisha chapati za bure kila aliyepita, hata wasiojua kwa nini.

Jumatatu iliyofuata hadubini mpya iliwekwa mbele ya darasa. Mwalimu Nabwile alisema hakuna kusukumana, kila mtu atachukua muda anaoutaka, hata kama foleni itamalizika Ijumaa. Mwanafunzi mmoja akauliza ilikuwaje wakawashinda wote Bungoma.

"Asiyeona aseme hakuona, tutatafuta pamoja," Mwalimu alijibu. "Hiyo ndiyo siri yote. Nyaruai alishinda ile Ijumaa aliposimama mbele ya meza yangu akasema hakuona kitu. Bungoma tulikwenda kuchukua zawadi tu."