Mipira Miwili Iliyopakwa Rangi

Kila Jumamosi asubuhi, Akumu na mama yake, Specioza, waliondoka nyumbani kwao Tororo kwenda sokoni Busia. Mama aliuza viatu vya mitumba karibu na barabara ambapo malori husubiri kuvuka mpaka kuingia Kenya. Kazi ya Akumu ilikuwa kuosha raba. Alizisugua kwa sabuni, akazianika, kisha akazipaka rangi nyeupe kwenye soli hadi zikang'aa. Kwa umri wake wa miaka kumi na mitatu, hakuna mtu pale sokoni aliyemshinda kwa brashi. Na yeye mwenyewe alilijua hilo, tena alilijua kupita kiasi!

Jumamosi hiyo alikuwa na kitu mkobani ambacho hakikuwa chake. Kilikuwa kikasha kidogo chenye mipira miwili mipya ya gofu, mali ya dada Valarie.

Valarie alikuwa binamu yake, msichana wa miaka kumi na saba. Wazazi wake walikuwa wakulima kule Kisoko, naye aliishi na akina Akumu ili asome mjini. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na karo ya kuendelea haikuwepo. Lakini Valarie alikuwa anacheza gofu, na hakuwa anacheza kwa kubahatisha. Shule moja ya wasichana ilikuwa inakuja Tororo Jumamosi iliyofuata kuchagua wachezaji wawili, na hao wawili wangesomeshwa bure. Mwalimu Opendi, aliyewafundisha watoto gofu, alimpa Valarie ile mipira miwili na kumwambia asiiguse mpaka siku ya majaribio. Mazoezi afanye na mipira ya zamani iliyookotwa majanini. Asipochaguliwa, Valarie angerudi Kisoko kulima.

Akumu aliyajua yote hayo. Hata hivyo alikichukua kikasha bila kuomba, ili tu amwonyeshe rafiki yake Apendi, ambaye mama yake aliuza nyanya meza ya pili.

"Eti huu unadunda kuliko mpira wa miguu?" Apendi alicheka. "Acha uongo wako!"

"Haya, shika mmoja. Tuone wa nani utapanda juu zaidi."

Walisimama kando ya malori, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakaidundisha mipira kwenye lami kwa nguvu zao zote. Lo! Mpira wa Akumu uliruka juu ukatumbukia ndani ya lori la vyuma chakavu. Wa Apendi uligonga jiwe, ukabingirika chini ya malori mpaka kwenye mtaro wa maji meusi. Akumu aliukimbilia ule wa mtaroni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoka na tope tupu. Alipogeuka, lori la vyuma lilikuwa limeruhusiwa kuvuka. Lilikwenda zake Kenya na mpira wa Valarie juu yake.

"Mwambie mama yako," Apendi alimshauri, macho yamemtoka.

"Umerogwa? Mama ataniua!"

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na kwa mtoto aliyelelewa na viatu vya mitumba, wazo hilo lilionekana safi kabisa. Raba iliyochakaa ikipakwa rangi inakuwa mpya. Basi mpira nao utashindwaje? Jioni walipofika nyumbani, alichagua mipira miwili kutoka kwenye kikapu cha Valarie cha mipira ya mazoezi, akaisugua, akaipaka rangi ya soli. Mara ya kwanza madoa yalionekana. Akapaka tena. Akangoja ikauke, akapaka tena na tena, mpaka mipira ikawa laini na nyeupe kuliko hata ile iliyopotea. Akachora namba kwa kalamu nyeusi, kama zilizokuwa kwenye ile mipya, akairudisha kikashani, na kikasha akakirudisha kwenye begi la Valarie. Alijipongeza moyoni. Hakuna atakayejua.

Siku tatu alikuwa na amani. Jumatano ikafika, na amani ikakatika darasani.

Mwalimu Opendi ndiye aliyefundisha sayansi shuleni kwao. Siku hiyo alikuja na msumeno wa chuma na mpira mmoja mkuukuu wa gofu. Aliukata katikati, akawapitishia wanafunzi vile vipande viwili.

"Mnaona nini ndani?"

"Raba!" darasa lilijibu.

"Kiini cha raba, ndicho kinachoupa mpira nguvu ya kuruka. Mingine ina tabaka moja zaidi katikati, mingine mawili. Halafu nje kuna ganda hili la plastiki ngumu. Sasa, hivi vibonyeo vidogo kwenye ganda ni vya nini? Ni urembo?"

Mwalimu aliwaeleza kwamba zamani mipira ya gofu ilikuwa laini. Wachezaji wakashangaa kuona ile iliyochakaa, yenye mikwaruzo, inakwenda mbali kuliko mipya. Basi watengenezaji wakaanza kuichora alama makusudi, mwaka hadi mwaka wakibadilisha mitindo, mpaka wakafikia hivi vibonyeo. Siku hizi mpira mmoja una zaidi ya mia tatu.

"Mpira ukiwa laini, hewa huuacha mapema na kufanya pengo kubwa nyuma yake, na pengo hilo linauvuta mpira nyuma. Ukiwa na vibonyeo, hewa inaushikilia mpaka karibu na mwisho. Pengo linakuwa dogo, na mpira unakwenda mbali."

Akumu aliikumbuka ile mipira kikashani. Alinyoosha mkono, na sauti ikatoka nyembamba.

"Mwalimu, na kama vibonyeo vikizibwa? Labda na rangi?"

"Rangi ya kiwandani haina neno, wanainyunyiza nyembamba sana. Lakini ukiupaka rangi nzito mpaka vibonyeo vijae, umeuua mpira huo! Utakwenda nusu ya mwendo wake, kisha utaanguka."

Darasa zima lilicheka. Akumu alitazama dawati lake. Alitamani kengele ilie, na ilipolia hakusikia.

Alikimbia nyumbani akiwa na nia ya kuikwangua mipira hiyo kabla Valarie hajarudi. Akafungua begi, kikasha hakimo. Valarie alikuwa amekifungia ndani ya sanduku lake la chuma, na ufunguo aliuvaa shingoni.

Kuanzia hapo Akumu hakula vizuri. Usingizini alikuwa anageukageuka. Mama alimgusa paji la uso, akasema, "We mtoto una malaria," akampeleka zahanati. Wakamtoboa kidole, wakapima, wakasema hana malaria wala chochote. Muuguzi alimwambia mama ampe uji na apumzike. Uji! Kama uji ungetibu uongo, Akumu angekunywa sufuria nzima.

Ijumaa jioni Valarie alikuwa anapiga pasi fulana yake nyeupe. Aliinyoosha, akaitazama, akainyoosha tena palepale.

"Akumu, mimi naogopa," alisema. "Kama nikishindwa, sijui nitamwambia nini baba. Ameshawaambia majirani wote. Kesho utanibebea begi? Nikikuona karibu nitatulia."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Akumu aliutazama ufunguo shingoni kwa Valarie.

"Nitakubebea, dada," akajibu. Akajiambia kwamba labda Mwalimu alitia chumvi. Labda mipira itaruka tu.

Jumamosi asubuhi wasichana watano walisimama uwanjani, mwamba wa Tororo ukiwa nyuma yao. Mwalimu kutoka ile shule, Madam Harriet, aliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono. Mwalimu Opendi alisimama kando yake. Madam aliwaeleza kwamba watacheza mashimo tisa, na wawili watakaomaliza kwa mapigo machache ndio watakaochukuliwa.

Valarie alipiga wa tatu. Akafungua kikasha, akautoa mpira mmoja, akauweka bila hata kuuangalia vizuri, macho yote yakiwa kule shimoni. Akavuta pumzi. Fimbo ilishuka sawasawa, mpira ukapanda vizuri, na Akumu, mkono mdomoni, akaanza kushukuru. Kisha mpira ukaonekana kuchoka hewani. Ukashuka palepale, mbali kabisa nyuma ya mipira ya wenzake.

Valarie aliitazama mikono yake.

Alipiga pigo la pili, mpira ukafanya vilevile. Wenzake wengine walikuwa wamekaribia shimo, na mmoja wao akamnong'oneza mwenzake wakacheka. Valarie alimaliza shimo la kwanza kwa mapigo manane. Alipogeuka kwa Akumu, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Mikono yangu imekufa," alisema. "Mwaka mzima nimefanya mazoezi, na leo mikono imekufa. Mimi si mchezaji, Akumu. Walikuwa wananidanganya tu. Bora niende nikalime."

Akumu alikuwa ameogopa vitu vingi wiki nzima. Aliogopa kupigwa, aliogopa kufokewa, aliogopa kuchekwa. Hili hakuwa amelifikiria hata mara moja, kwamba Valarie angeilaumu mikono yake mwenyewe. Alishindwa kuvumilia.

"Si mikono yako!" alilia. "Ni mimi, dada. Mipira yako niliipoteza Busia. Hii ni ya zamani, niliipaka rangi ya soli. Vibonyeo vimeziba. Mikono yako haina kosa, haki ya Mungu, haina kosa lolote!"

Valarie alimkodolea macho. Akautoa mpira, akaukwangua kwa ukucha, na ngozi nzito ya rangi ikabanduka.

"Tangu lini unajua kwamba hairuki?"

"Tangu Jumatano."

"Jumatano! Na jana ulikaa pale ukanitazama nikipiga pasi?" Alimnyang'anya begi. "Nenda ukamwambie Madam mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Safari ya kutoka pale mpaka aliposimama Madam Harriet haikuwa ndefu, lakini Akumu aliiona ndefu kuliko barabara ya Busia. Alisema yote, kuanzia kikasha mpaka rangi, huku kamasi zikimtoka. Mwalimu Opendi alifumba macho. Madam Harriet alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kanuni haziruhusu mpira uliopakwa kitu," alisema hatimaye. "Angeumaliza mchezo kwa mpira huo, ningemwondoa kabisa. Lakini haya ni majaribio, na yeye hakujua. Mapigo aliyokwisha kupiga yatabaki. Siwezi kuwanyima haki wenzake. Kuanzia shimo la pili atafute mpira mwingine."

Mwalimu Opendi aliingiza mkono mfukoni, akatoa mpira mmoja uliogeuka rangi ya manjano.

"Mkuukuu," Valarie alinong'ona.

"Vibonyeo vyake vyote vipo," Mwalimu akamjibu. "Piga."

Valarie alipiga. Ule mpira wa manjano ulipaa, ukaendelea kupaa, ukapita mipira ya wenzake wote ndipo ukashuka. Mtu mmoja akapiga makofi. Valarie hakutabasamu. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo aliipeleka yote kwenye fimbo, shimo baada ya shimo. Begi alilibeba mwenyewe. Akumu alifuata nyuma mikono mitupu, akiomba kimoyomoyo, hana hata mtu wa kuzungumza naye.

Mwishoni Madam Harriet aliwaita. Wa kwanza alikuwa msichana kutoka Petta. Wa pili alikuwa Valarie, aliyemshinda wa tatu kwa pigo moja tu. Kama angecheza shimo moja zaidi kwa mipira ile ya rangi, mambo yangekuwa mengine. Valarie alikaa chini palepale kwenye nyasi akalia. Alipoinuka, alimkumbatia Mwalimu, akampigia simu baba yake Kisoko. Akumu alimwambia tu, "Twende nyumbani."

Jioni Mama Specioza alisikia habari yote. Hakuinua fimbo wala sauti. Alimketisha Akumu kwenye kiti kidogo cha jikoni.

"Lakini mama," Akumu alijitetea, "hata sisi tunapaka viatu rangi kila Jumamosi."

"Tunapaka. Na mteja akiuliza ni vipya, mimi humwambia nini?"

"Unamwambia ni mitumba."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja, mama."

"Basi hiyo rangi yangu ni ya kupendezesha. Yako ilikuwa ya kuficha. Sikiliza, mwanangu. Mipira imepotea, sawa, vitu hupotea. Ungekuja kwangu Jumamosi ileile, ningefoka mpaka majirani wasikie, halafu tungekwenda kwa Mwalimu, na yeye alikuwa na mpira mwingine mfukoni. Yangekwisha siku hiyohiyo. Umeona jinsi lilivyokuwa jambo dogo?"

Akumu aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondoka mapajani.

"Nitamwomba Valarie msamaha," alisema. "Nitaokota mipira kila jioni, mpaka aende shule na kikapu kizima."

"Utaokota. Na atakusamehe, nimeshazungumza naye, lakini usimharakishe." Mama alimfuta uso kwa kona ya kitenge. "Mimi sikukasirishwa na mipira, Akumu. Nilichokasirikia ni kwamba mwenzako alisimama pale akalia, akasema mikono yake haifai, na wewe unayejua ukweli ulikuwa umeshika begi lake. Usimwache mtu ajilaumu kwa kosa lako tena. Hata siku moja."