Kasuku Aliyepunguza Maneno

Kila jioni mama alirudi kutoka chuo kikuu mikono ikiwa imemlegea kama nguo zilizokamuliwa. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, na wa pekee pale chuoni. Wanafunzi viziwi walikuwa wanne, wa madarasa tofauti, naye aliwafuata kutoka ukumbi hadi ukumbi, akiyageuza maneno ya wahadhiri kuwa alama za vidole, uso na mabega. Mmoja wa hao wanne alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyesomea usanifu wa majengo.

Binti yake wa miaka kumi na mitatu aliitwa Kasuku, kwa kuwa alianza kusema mapema na tangu hapo hakunyamaza. Kazi yake ya jioni ilikuwa kuchemsha maji, kuyatia chumvi na kuleta beseni sebuleni ili mama aloweke viganja. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria isiyovunjwa: kaka akiwapo, hakuna kusema kwa mdomo peke yake. Hata ugomvi wa nani kamaliza sabuni ulifanywa kwa alama.

Wiki moja mkono wa kulia wa mama ulivimba. Daktari aliufunga bendeji na kumkataza kuutumia. Bahati mbaya, Alhamisi ya wiki hiyo kaka alitakiwa kumwona mhadhiri wake kuhusu mchoro wa zahanati, kazi yake ya mwisho wa mwaka.

"Nenda naye," mama alimwambia Kasuku. "Umwombe mhadhiri aandike maoni yake kwenye karatasi. Basi. Usijitie ukalimani."

"Lakini mama, alama nazijua tangu nilipokuwa mdogo!"

"Kuzijua si kazi. Nimesema aandike."

Ofisi ya mhadhiri ilijaa michoro iliyokunjwa, na mlangoni walisubiri wanafunzi wengi. Kasuku alimwamkia, akatoa ombi lake. Mhadhiri hakuinua macho.

"Niandike saa ngapi, binti? Huoni foleni hiyo? Wewe lugha yao huijui?"

Kasuku alivimba kichwa. "Naijua sana, mwalimu."

"Haya, mwambie. Mchoro huu haufai. Korido ni nyembamba. Machela haiwezi kukata kona hii. Mgonjwa atafia mlangoni. Akiniletea hivi Jumatatu, hapiti, na asipopita atarudia mwaka."

Kasuku alimgeukia kaka. Macho ya kaka yalikuwa mekundu. Kiziwi darasani husikiliza kwa macho, na macho hayapumziki hata mhadhiri anapotania. Usiku kucha alikuwa ameinamia meza ya kuchorea. Kasuku alimhurumia, na mikono ikamsaliti. Akaonyesha: *Mchoro mzuri. Safisha mistari kidogo.*

Kaka alitabasamu, akainama kushukuru. Mhadhiri alishangaa kuona mtu akiyapokea maneno makali kwa furaha namna ile, lakini foleni ilikuwa ndefu. "Anayefuata!" akaita.

Kaka alilala Ijumaa nzima. Kasuku alimpita mara kadhaa bila kumwamsha. Alijiambia kwamba atamweleza akiamka; alipoamka, alijiambia kwamba atamweleza akishakula.

Jumamosi mchana, wakiwa mezani, mama aliuliza kwa mkono wa kushoto: *Mhadhiri alisemaje hasa?*

Kaka alijibu: *Nzuri. Nisafishe mistari.*

Mama aliweka kijiko chini. Alikuwa amemkalimania mhadhiri huyo tangu kaka aanze chuo, na hakuwahi kumsikia akitamka "nzuri" bila "lakini" nyuma yake. Akamtazama Kasuku, naye akaficha mikono chini ya meza.

"Mama, nilikuwa nataka tu—"

"Mikono," mama alisema, huku akionyesha kwa mkono wa kushoto.

"Nitakueleza baadaye, tukiwa wawili."

"Wawili kina nani? Maneno ni ya nani? Mikono juu ya meza."

Kasuku aliitoa. Akaonyesha alama moja baada ya nyingine, kaka akimtazama: haufai, korido, machela, kona, kurudia mwaka. Alipomaliza, kaka alisukuma sahani yake kando. Kisha akaonyesha polepole:

*Mimi ni mtu mzima. Habari mbaya ni yangu. Kwa nini umeniibia?*

Kasuku alilia, na hakuna aliyembembeleza.

Kaka aliifuta meza ya chakula, akatandika karatasi mpya. Alifanya kazi siku hiyo na Jumapili yote. Kasuku alichonga penseli, akapika, na kunyamaza. Kupanua korido kulimlazimu kaka kuhamisha ukuta, ukuta ukahamisha mlango, na mlango ukaharibu chumba cha dawa. Mara mbili alifuta kila kitu na kuanza upya.

Jumatatu, kabla ya saa za shule, walikwenda watatu. *Aliyeharibu atatengeneza,* kaka alikuwa amesema. Yeye ndiye aliyetaka Kasuku amkalimanie. Mama alikubali, kwa sharti kwamba aketi kando yake kumsimamia.

"Usiseme 'kaka anasema,'" mama alimwonya Kasuku njiani. "Akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'. Ukalimani ndio huo."

Mbele ya mhadhiri, kaka alianza, na Kasuku akatamka:

"Mwalimu, Alhamisi nilitabasamu kwa sababu sikuambiwa ulichosema. Mdogo wangu..." Alimgeukia mama. Mama hakumsaidia. "Mdogo wangu alinidanganya. Niliujua ukweli Jumamosi. Huu ndio mchoro mpya."

Mhadhiri aliwatazama wote watatu, kisha akauinamia mchoro kwa muda mrefu.

"Machela inapita," alisema. "Lakini dirisha la chumba cha kujifungulia linatazama barabarani. Ni aibu. Nakupitisha, ila kwa alama za chini. Na Alhamisi, kosa moja lilikuwa langu: niliombwa kuandika, nikakataa."

Kasuku aliyafikisha yote: dirisha, aibu, alama za chini, na kosa. Alipoonyesha "aibu", uso wake ulikunjamana sawasawa na wa mhadhiri. Kaka aliangua kicheko, kisha akaegemea kiti na kufumba macho.

Nje koridoni, kaka alipokuwa bado ndani akikunja mchoro, Kasuku alijikanda viganja. "Mama, vinauma. Na ilikuwa muda mfupi tu."

"Ndiyo," mama alisema. Alikuwa ameegemea ukuta. Chuo kilikuwa kimeahidi mkalimani wa pili tangu mwaka uliopita, na bado hakuwa amefika. "Tulikuita Kasuku kwa wingi wa maneno. Alhamisi ungekuwa kasuku kweli, ukarudia ulichosikia, tusingefika hapa."

"Nilimhurumia, mama."

"Najua. Sikiliza, mwanangu. Huruma inayoficha ukweli humwacha mtu gizani akidhani kumekucha. Ukimpenda mtu, mfikishie neno lote, kisha kaa umsaidie kulibeba. Na ukishindwa kazi, sema umeshindwa. Hiyo si aibu. Aibu ni kubuni."

Akajiweka sawa, akamsukuma taratibu kuelekea lango. "Nenda, shule imekaribia. Jioni niletee beseni." Akasita, akaitazama mikono midogo ya binti yake. "Leta kubwa. Tutaloweka wote wawili."