Anayebisha Moyoni mwa Mama

Kilichoanza kumtia wasiwasi Kitinda ni mkono wa mama yake. Aliushika, akabonyeza pale kwenye mshipa kama alivyowaona manesi wakifanya, na hakusikia kitu. Akabonyeza tena. Kimya. Na mama mwenyewe yuko macho, midomo imemkauka, anaomba maji.

Akamwita nesi kwa sauti ya chini, akamwambia mama yake hapigi. Nesi hakushtuka hata kidogo. Alieleza kwamba pampu nyembamba kama kalamu imepitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, inasukuma damu mfululizo bila kudunda, ndiyo maana mshipa hausikiki. Moyo wenyewe umepewa likizo, alisema, mashine ndiyo iko zamu. Kitinda akajaribu kucheka naye. Lakini mtu aliye hai, anakuomba maji, na hadundi? Hata mimi ninayewasimulia ningetafuta mlango.

Daktari wa moyo alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwaambia Kitinda na shangazi yake kwamba mishipa ya mgonjwa ni misafi, hakuna palipoziba. Moyo umepata mshtuko mkubwa, ukalegea, ukavimba. Moyo wa namna hii ukipumzishwa mara nyingi hurudi. Siku ya nne wataanza kupunguza kasi ya pampu kidogo kidogo, na moyo ukishindwa kushika kazi yake hapo, basi, hatakuwa na la kuwaficha. Kisha akamgeukia Kitinda, akauliza mama alipata habari gani mbaya siku ile.

"Hakuna," Kitinda akasema. "Alikuwa anapiga pasi tu."

Uongo mtupu, wa mchana kweupe. Mama alikuwa amekaa kitako, hana pasi wala nguo, na kilichomwangusha ni mdomo wa Kitinda mwenyewe. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu kaka yake akutwe kizingitini amekufa kwa pumu, na miaka yote hiyo mama alikuwa na wimbo mmoja: kama ungekuwepo nyumbani siku ile, mwanangu angekuwa hai. Asubuhi wimbo, jioni wimbo. Kitinda alishaapa kwamba alikwenda kununua vitambaa, na kila mtu alimwamini. Siku hiyo mama akauanza tena, naye Kitinda yuko kwenye cherehani, shingo inamuuma, ana nguo tatu za watu hazijaisha, na ulimi ukamponyoka. Akasema alikuwepo. Akasema alimsikia anabisha. Mama akaweka mkono kifuani, akamtazama, akaanguka.

Huyo kaka alikuwa fundi rangi. Asubuhi ya siku aliyokufa alishika gauni jeupe la mteja wa Kitinda kwa mkono uliolowa rangi ya bluu, na badala ya kuomba radhi akacheka, akaenda zake kazini. Kitinda alikasirika mpaka akalia. Mama alikuwa kwa shangazi. Saa nane mchana kaka akarudi mbio, maana dawa yake ya kupuliza aliisahau juu ya meza ya cherehani, akakuta mlango umefungwa kwa komeo, na Kitinda yuko ndani. Akabisha kama alivyobisha tangu utotoni: mara tatu, anapumzika, mara mbili. Baadaye kukawa kimya. Kitinda akadhani ameondoka, akatokea mlango wa nyuma kwenda dukani, na aliporudi na vitambaa vyake akakuta watu wamejaa mbele ya nyumba.

Siku ya pili hospitalini, saa ya kuona wagonjwa, alisikia harufu ya rangi. Wodi ile ilinuka dawa ya kusafishia sakafu, basi. Lakini kando ya kitanda cha mama palinuka rangi ya mafuta, mbichi kabisa, na ule ukali wa tina ya kuchanganyia rangi, unaochoma pua. Akamuuliza nesi kama kuna mafundi wanaopaka ukuta. Nesi akanusa, akasema hakuna. Kitinda akainama amvutie mama shuka, kiganja chake kikagusa kifua, na chini ya kiganja, ndani kabisa, mahali ambapo daktari alisema moyo unapumzika, kitu kikagonga mara tatu, kikapumzika, kikagonga mara mbili.

Akautoa mkono kama aliyeshika pasi ya moto. Mashine ilikuwa inavuma vilevile, namba kwenye kioo hazikubadilika, nesi anaandika zake mezani, na Kitinda akajiambia kwamba ni uchovu, kwamba hajala tangu jana, kwamba huenda ni pampu, pampu nayo ni chuma na chuma hugonga, akaurudisha mkono polepole ili ajihakikishie, na kile kitu kikagonga tena, safari hii kwa haraka, kama mtu anayeanza kuishiwa pumzi. Mama akafumbua macho.

"Kuna mtu mlangoni," alinong'ona. "Mbona humfungulii?"

Kitinda alimwambia shangazi habari ya harufu na habari ya kile kinachogonga kifuani, lakini si ya mlango aliokataa kuufungua. Shangazi, ambaye kwa kawaida haamini hata utabiri wa mvua, akanywea. Kumbe naye alikuwa ameinusa rangi tangu jana, akakaa kimya asije akaonekana mwehu. Hakupoteza muda. Kesho yake akamleta Bi Mashuka.

Huyu Bi Mashuka alikuwa amefua mashuka ya hospitali hiyohiyo miaka thelathini, na alipostaafu akabaki na kazi yake ya pili, ya kutoa majini. Shangazi kila siku alikuwa anagombana na walinzi getini. Bi Mashuka walimwamkia kwa adabu na kumfungulia njia. Alinawa mikono mpaka viwikoni, akavaa joho la wageni, kisha akamgeukia shangazi, aliyekuwa na ubani kwenye pochi, akamwambia autoe nje upesi kwa sababu hapa kuna oksijeni, au anataka walipuke wote?

Akaweka sikio kifuani pa mgonjwa. Akasikiliza muda mrefu, na alipoinuka uso wake haukuwa na mzaha tena.

"Huyu si marehemu," akasema chinichini. "Marehemu amelala. Hili ni jini la kizingitini. Lilikuwepo siku ile, likaokota yaliyosemwa, likawa linatafuta pa kukaa. Sasa moyo umepumzishwa, nyumba haina mwenyewe, limeingia. Kesho mashine ikipunguzwa, ama mwenye nyumba atarudi ama hilo ndilo litakalobaki."

Kitinda akauliza linatoka vipi.

"Linakula neno lililofichwa. Aliyelificha alitoe lote. Ukibakiza hata chembe, litang'ang'ania hiyo chembe."

Alisema hivyo akimtazama Kitinda, si shangazi. Basi Kitinda akapiga moyo konde, akasema. Macho yake yakiwa sakafuni, alisimulia gauni, hasira, komeo, mlango wa nyuma, vitambaa. Akasema na sababu iliyomwangusha mama. Shangazi alikuwa amemshika mkono. Akauachia, akautazama mkono wake mwenyewe, akaenda kukaa mbali. Hakumtukana. Kitinda angeshukuru kama angemtukana.

Lakini kuna neno moja halikutoka. Siku ile Kitinda hakuwa amekaa tu akisikiliza. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akaweka mkono juu ya komeo. Alisikia kifua cha kaka yake kikipiga miluzi upande wa pili. Alimsikia akisema, "Kitinda, dawa." Na akamjibu kupitia tundu la ufunguo: "Omba msamaha kwanza." Akasubiri. Kaka hakuomba, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kuombea, naye Kitinda akaona ni kiburi. Hilo hakuweza kulisema mbele ya shangazi. Alilifikisha kwenye ulimi, akalimeza.

"Umemaliza?" Bi Mashuka akauliza.

"Nimemaliza."

Bi Mashuka akamtazama, akasema haya, shauri yako. Akaweka kiganja juu ya kifua cha mama, akasoma kwa sauti ndogo kabisa, akasoma mpaka jasho likamtoka chini ya kitambaa cha kichwa, na harufu ya rangi ikapungua, ikapungua, ikabaki ya dawa ya sakafu.

Siku ya nne pampu ikapunguzwa hatua kwa hatua, na moyo wa mama ukashika kazi. Nesi alimpigia makofi kama mtoto aliyesimama dede. Siku iliyofuata pampu ikatolewa, na baada ya wiki mama akarudi nyumbani. Hakuwahi kulitaja lile jambo. Akiletewa uji husema asante mwanangu, akipangiwa mito husema asante mwanangu, na kila asante ilimchoma Kitinda kuliko ule wimbo wa zamani. Mara kadhaa alikaribia kupiga magoti amwambie lile neno lililobaki. Akaogopa kuua. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na huenda nusu yake ilikuwa kweli.

Daktari alimwagiza ampime mama mapigo asubuhi na mchana, ahesabu dakika nzima. Alifanya hivyo bila kukosa, na kila siku moyo ulikwenda sawasawa, akaanza hata kulala usingizi wa kueleweka.

Siku moja saa nane mchana, mama amelala, Kitinda akasimamisha cherehani, akaingia chumbani, akaushika ule mkono. Harufu ndiyo ilitangulia. Rangi, mbichi, na tina. Kisha chini ya vidole vyake mshipa ukapiga mara tatu, ukapumzika, ukapiga mara mbili, ukapumzika, tatu, mbili, na Kitinda akataka kuuachia mkono asiweze, maana vidole vya mama vilikuwa vimemgeukia na kumshika, na macho ya mama yamefumbwa, na uso wake umetulia kama wa mtu aliye usingizini, na kutoka katika midomo ile ikatoka sauti ambayo haikuwa ya mama wala ya kaka, ilikuwa sauti ya Kitinda mwenyewe, ya miaka mitatu iliyopita, yenye hasira yake yote.

"Omba msamaha kwanza."

Akaanguka magotini. Alikuwa tayari, Mungu ni shahidi, alikuwa na miaka mitatu ya kuomba. Akafungua kinywa chake. Pumzi haikuja. Akajaribu tena, na kifua kikapiga mluzi mwembamba, wala yeye hajawahi kuugua pumu maisha yake. Akanyoosha mkono kwenye ubao wa kitanda, akabisha mara tatu, akapumzika, akabisha mara mbili.

Mama hakuamka.